King'amuzi Hakikujui

Ndugu msikilizaji wa Tunduma, Mlowo na Vwawa, namba za siri bado zinatajwa ovyo. Mtu anapigiwa simu usiku, anaambiwa king'amuzi chake kimeonyesha kuwa ni mshindi, au kimefungiwa mitamboni, ataje namba ya siri ya pesa kifunguliwe. Naye anaitaja! King'amuzi cha antena au cha dishi, kama hakijaunganishwa na intaneti, hupokea tu. Hakina njia ya kumpelekea mtu habari zako. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na mikoa mingine ikafuata, tulipata picha safi na chaneli nyingi. Njia ya kurudi mnarani hatukuletewa.

Utasema: mbona nikilipia kifurushi chaneli zinafunguka zenyewe? Zinafunguka kwa sababu umelipa kwa simu ukaingiza namba ya kadi. Kampuni hupachika amri yenye namba hiyo ndani ya mawimbi yaleyale yanayobeba picha. Amri huvifikia ving'amuzi vyote, chako peke yake ndicho huitii. Ndiyo maana unaambiwa ukiache kimewaka. Lakini watu wanalipa, wanazima, wanalala, asubuhi wanamgombeza wakala, na tapeli akipiga wakati huohuo anaaminiwa. Na ile ratiba inayofunguka ukibonyeza rimoti? Imeshaletwa na mawimbi, pamoja na saa. Rimoti inachagua katika vilivyokwisha kufika. Hapa mpakani king'amuzi kikidaka mawimbi ya upande wa Nakonde kinaweza kukuonyesha saa ya Zambia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa moja. Hata enzi za analojia rimoti ilichagua hivyohivyo. Ceefax ya BBC, iliyoanza 1974 kule Uingereza, ilibeba kurasa za maandishi kwenye mistari ya picha isiyoonekana kwenye kioo, zikirushwa kwa mzunguko. Mtazamaji alibonyeza namba ya ukurasa akangoja zamu yake ifike. Aliona kama amejibiwa, na BBC haikujua kabisa kwamba amebonyeza.

Runinga yenye intaneti ni kweli hurudisha taarifa, lakini hata hiyo haina kazi na namba yako ya siri. Kura na michezo ya kwenye vipindi hupitia simu yako, na salio hukatwa humohumo. Kwa hiyo anayedai king'amuzi kimemwambia jambo, mkatie simu, kisha ripoti namba yake kwa ujumbe kwenda 15040 kabla hajampigia jirani.