Barua ya Bahati na Mtandao Unaokawia

Maneno ya watumishi wa uwanja mbele ya familia zilizohama na viongozi wao, Kalemie, jimbo la Tanganyika



Mara nyingi tukikutana hapa tunazungumza juu ya mashamba, mipaka ya vijiji na njia ya kurudi nyumbani kwa usalama. Leo tunaleta neno lingine: barua pepe za udanganyifu, na mtandao wetu unaokawia. Labda mtu atauliza, mambo hayo yanahusu nini na amani? Tusikilizane kwanza.

Katika kituo kimoja tunachokitembelea, kijana alipokea barua pepe yenye alama ya HCR juu yake. Ilisema familia 12 zimechaguliwa kupelekwa Kanada, na kila familia itume dola 20 za kufungua karatasi. Alimwonyesha mkubwa wa kituo. Mkubwa aliamini kwa moyo mweupe, akakusanya pesa. Wengine waliuza mbuzi, wengine waliuza bati walizokuwa wanaweka kwa ajili ya nyumba. Pesa zikatumwa kwa simu. Siku tatu baadaye barua nyingine ikaja: ongezeni dola 15 kwa ajili ya daktari. Kisha kimya.

Hapo maneno yakaanza. Upande mmoja wa kituo ukasema mkubwa amekula pesa pamoja na watu wa kijiji chake. Usiku mmoja mawe yalirushwa juu ya nyumba yake, watoto wakiwa ndani. Tulikaa nao siku mbili nzima. Ilibidi tuisome ile barua kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya wote, ili waone kwamba mwizi hakuwa kati yao. Alikuwa mbali, hamjui hata mmoja wao, lakini aliacha ndugu wakishikana mashati.

Na sisi tukiri kosa letu. Kijana yule alikuwa ametuuliza juu ya barua hiyo kabla pesa hazijatoka. Siku hiyo mtandao ulikawia, barua ikakataa kufunguka, tukamwambia tutaangalia wiki ijayo. Tuliporudi pesa zilikuwa zimekwenda. Tungeweza kumjibu palepale bila hata kuifungua, kwa sababu jibu halikuwa ndani ya mtandao.

Jibu ni hili. Huduma za HCR hazilipiwi. Kuandikishwa ni bure, kupelekwa nchi ya tatu ni bure, na chakula cha PAM ni bure. Umoja wa Mataifa hauombi pesa kwa mtu anayetafuta kazi kwake. Tena, mpango wa HCR wa kupeleka watu nchi ya tatu ni wa wakimbizi waliovuka mpaka, kama ndugu zetu walioko Nyarugusu, Tanzania. Sisi tuliohama ndani ya Kongo tuko bado katika nchi yetu. Basi barua inayotuahidi Kanada kwa jina la HCR, nasi tuko hapa Kalemie, imejionyesha yenyewe kuwa ya uongo.

Udanganyifu huu si mpya. Huko Nijeria unaitwa 419, kwa sababu hiyo ndiyo namba ya kifungu cha sheria ya makosa kinachohusu kujipatia mali kwa uongo. Hata jina la nchi yetu limetumiwa. Baada ya Mobutu kufa huko Moroko mwaka 1997, watu wengi duniani walipokea barua zilizojidai zimetoka kwa mjane wake au mtoto wake: kuna mamilioni ya dola yamefichwa, tusaidie kuyatoa, utapata sehemu yako, ila tuma kwanza pesa kidogo. Majina yanabadilika, lakini ile pesa kidogo ya kwanza inabaki palepale.

Tushike mambo manne. Kwanza, anayeahidi makubwa na kuomba pesa mbele, tumwache. Pili, tuangalie anwani ya aliyeandika, hasa maneno yanayokuja baada ya alama ya @. Watumishi wa HCR huandika kwa anwani inayoishia unhcr.org, si kwa anwani ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua. Lakini tuangalie sana, kwa maana jina na alama vinaweza kuigwa. Kwa hiyo hata anwani ikionekana nzuri, hatulipi. Tatu, neno la siri la barua pepe na namba ya siri ya pesa za simu hatumpi mtu, hata akisema anatoka kwenye kampuni. Nne, ndugu akiandika kwamba yuko hospitali na anataka pesa leo, tumpigie simu tusikie sauti yake, tumwulize jambo la nyumbani ambalo mgeni hawezi kulijua. Huenda mwizi ameingia katika barua zake na anaandika kwa jina lake.

Sasa tuje kwa mtandao unaokawia, kwa sababu ndio unaowasaidia wezi. Mtu akilipia dakika katika chumba cha intaneti, na ukurasa unazunguka tu, haraka inamshika. Anabonyeza bila kusoma. Au anachoka, anampa kijana wa pale neno lake la siri, anamwambia, nisomee wewe. Ndiyo maana wazee walisema haraka haraka haina baraka.

Tusidhani tumelogwa. Waya mkubwa wa baharini uitwao WACS ulianza kuihudumia Kongo mwaka 2013, lakini umefika Muanda, zaidi ya kilomita 1,800 kutoka hapa. Penye kutumia satelaiti ya zamani, ujumbe unapanda karibu kilomita 36,000 juu, unashuka, na jibu linarudi njia ileile. Mvua kubwa nayo inaudhoofisha. Na watu wengi wakiingia saa moja, kila mmoja anabaki na kipande kidogo.

Kwa hiyo tuandike barua yetu kwenye karatasi au kwenye simu kabla ya kuingia. Twende asubuhi mapema, watu wakiwa bado wachache. Tuzime picha zisifunguke zenyewe, na tuzuie simu isipakue programu mpya bila ruhusa yetu, kwa maana hiyo inakula mega kimya kimya. Picha ya karatasi tuipunguze ukubwa kabla ya kuituma. Habari fupi iende kwa ujumbe wa simu. Na tukimaliza katika chumba cha intaneti, tutoke kwenye barua yetu kabisa. Kufunga ukurasa peke yake hakutoshi. Mtandao ukikataa, tuache mpaka kesho. Barua ya kweli itangoja. Ile inayosema leo kabla ya saa sita, hiyo ndiyo ya kuogopa.

Wakubwa wa vituo, neno la mwisho ni lenu. Msikusanye pesa kwa ajili ya barua yoyote kabla ya kuiuliza ofisi inayotajwa humo, kwa kwenda wenyewe au kwa simu mliyokuwa nayo tangu zamani, si kwa namba iliyoandikwa ndani ya barua. Isomeni barua mbele ya watu wote. Na aliyedanganywa asichekwe. Akichekwa atanyamaza, na jirani yake ataanguka katika shimo lilelile. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Mkubwa yule tuliyemtaja bado anaongoza kituo chake. Pesa hazikurudi. Lakini sasa barua ikifika, vijana wawili, mmoja kutoka kila upande, wanaisoma pamoja naye chini ya mwembe, na watu wanauliza maswali. Sisi nasi tumejifunza kutosema tutaangalia wiki ijayo.