Neno la Siri la Kiwandani Libadilishwe



Mzee mmoja hapa Kingerikiti ameniuliza: mwizi wa mtandao atafuata nini kwenye kamera ya nyumba yangu, kahawa? Swali zuri. Hafuati kahawa, anaitaka kamera yenyewe. Mwaka 2016 kirusi kiitwacho Mirai kilizunguka duniani kikijaribu maneno ya siri ya kiwandani zaidi ya 60, yale ya “admin” na “1234”, kikateka kamera na ruta mamia ya maelfu. Mwaka huohuo vifaa vilivyotekwa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya simu ya Lonestar huko Liberia, intaneti ya wateja wake ikazorota. Wenye kamera hawakujua kitu. Picha zilionekana kama kawaida.

Basi fundi akimaliza kufunga, asiondoke kwanza. Mwenye nyumba abadilishe neno la siri mwenyewe, fundi akiwa ametazama pembeni (msione haya kumwambia), aliandike kwenye daftari, si ukutani. Kamera ambayo kiwanda hakiitolei tena marekebisho ya programu, ichomolewe kwenye mtandao. Nanyi wafadhili, mkituletea kifaa kilichokwisha kutumika, ondoeni kwanza akaunti yenu. La sivyo, ninyi ndio mtakaoona sebule zetu.