Kujikinga na Upepo Mkali: Mazungumzo kwa Wananchi wa Wilaya za Tarime na Serengeti



Wilaya za Tarime na Serengeti ziko mashariki ya Ziwa Viktoria, katika nchi inayoinuka kutoka upande wa ziwa kuelekea nyanda za juu. Hali hiyo ya nchi ndiyo neema yake na ndiyo hatari yake. Mchana jua linapoipasha ardhi joto, hewa yenye unyevu huvutwa kutoka ziwani, ikakutana na pepo za mashariki, ikapanda na kufanya mawingu marefu meusi. Kwa sababu hiyo dhoruba nyingi za nchi kavu upande huu huja alasiri na jioni, ilhali zile za ziwani huzidi usiku na alfajiri. Mvua hizo ndizo zinazootesha mahindi, wimbi na muhogo. Lakini saa zake ndizo zile ambazo watoto wanatoka shuleni na wachungaji wanarudisha ng'ombe nyumbani.

Upepo unaoezua mapaa hutoka katika mawingu hayo hayo. Mvua na mvua ya mawe zinapoanguka huipoza hewa na kuivuta chini. Hewa hiyo nzito ikifika ardhini husambaa kwa kasi. Ndiyo maana upepo wa baridi hutangulia mvua kwa dakika chache tu. Mtu anayeuhisi baada ya joto kali hana tena muda wa kupigilia bati. Anao muda wa kujisetiri. Tena ifahamike kwamba kasi ya upepo ikizidi mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne.

Mfano wa kusikitisha ni wa kijiji cha Mwakata, Wilaya ya Kahama, mkoani Shinyanga. Mwezi Machi 2015 mvua kubwa ya mawe iliyoandamana na upepo mkali iliangusha nyumba, na watu zaidi ya 35 walipoteza maisha. Nyumba nyingi zilikuwa za udongo, na kuta zake ziliwaangukia waliokuwa ndani. Funzo lake ni kwamba kinga ya nyumba huanza siku ya jua.

Kwa hiyo wananchi wanahimizwa kuzingatia yafuatayo:

(a) Kabla ya msimu wa vuli na wa masika, kila mwenye nyumba akague paa lake. Kenchi zifungwe imara kwenye ukuta kwa waya mnene au ukanda wa chuma, na mabati yaliyolegea yapigiliwe upya. Mawe yasiwekwe juu ya paa, kwa kuwa upepo ukilinyanyua bati, jiwe humwangukia aliye chini.

(b) Matawi makavu na mikaratusi inayoegemea nyumba au madarasa ipunguzwe. Misingi ya kuta za udongo ichimbiwe mifereji ili maji yasiilainishe.

(c) Dhoruba ikifika, milango na madirisha yafungwe, maana upepo ukiingia ndani hulisukuma paa kutoka chini. Watu wakae mbali na madirisha. Ukuta wenye nyufa ukiwa umelowa, wenyeji wahamie mapema kwa jirani mwenye nyumba imara.

(d) Walimu wasiwaruhusu wanafunzi kuondoka wakati wingu limetanda na ngurumo zinasikika. Ikiwa kati ya mwanga wa radi na ngurumo hazipiti sekunde 30, radi i karibu, yapata kilomita 10 au pungufu. Watu wabaki ndani hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

(e) Mchungaji asijikinge chini ya mti uliosimama peke yake, wala asisimame kileleni. Ng'ombe hulipwa, mtoto halipwi.

(f) Waya wa umeme ulioanguka usiguswe hata ukionekana hauna moto. Watu na mifugo wakae mbali, na TANESCO ipewe habari mara moja.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa kwa redio na kwa njia nyingine, ikitumia rangi: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, na nyekundu ni tahadhari kubwa. Mwenye redio au simu akipata taarifa, ampashe jirani asiye nayo, hasa wazee wanaoishi peke yao. Viongozi wa vijiji nao wanatakiwa kujua mapema ni jengo gani imara litakalopokea watu usiku, na nani ana ufunguo wake.

Upepo hauwezi kuzuiwa na mtu. Linalowezekana ni kwamba utakapovuma, uikute nyumba imefungwa, mtoto yumo ndani, na jirani amekwisha kuambiwa.