Laptopu ya Bei Nafuu na Linux: Ijaribu Kabla ya Kulipa

(Mazungumzo ya mwanachama wetu, mwanafunzi wa chuo kikuu, mbele ya vijana baada ya swala ya alasiri)



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na swahaba zake. Amma baad.

Waheshimiwa mashekhe, walimu wetu wa madrasa, ndugu na dada zangu. Nimepewa nusu saa kabla ya adhana ya magharibi nijibu swali ambalo vijana wengi wanaojiunga na chuo huniuliza: "Nataka laptopu na pesa ni kidogo, ninunue gani?"

Kabla ya kujibu, tukumbuke pesa hizi ni za nani. Mara nyingi ni chama cha mama, ama ni mkopo wa HELB ambao utaulipa ukishamaliza masomo. Kwa hivyo ni amana. Ukinunua mashini ikafa baada ya wiki mbili, hakuna pesa nyengine, na kazi zako za chuo utazifanyia saiba kwa kulipa kila dakika.

Jibu langu ni fupi: nunua mashini ya mtumba iliyotoka ofisini, ijaribu kwa Linux kabla hujalipa, na ikishakuwa yako jifunze kusoma inachokwambia. Yaliyobaki ni maelezo tu.

Kwa nini mtumba

Laptopu mpya ya bei ya chini kabisa huwa na prosesa dhaifu, ramu ndogo isiyoongezeka, na bodi ya plastiki inayopasuka kwenye bawaba. Lakini kampuni za Ulaya na Marekani hubadilisha mashini za wafanyakazi wao kila baada ya miaka michache. Zile za zamani huuzwa kwa jumla, na nyengine huishia kwetu, hizi tunazoziita ex-UK. ThinkPad, EliteBook na Latitude zilitengenezwa zifunguliwe na kurekebishwa, na vipuri vyake vyapatikana.

Kuna sababu ya pili. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, yataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel kwa jumla yataka kizazi cha 8 kwenda juu. Mashini nyingi zenye afya nzuri zimeachwa na wenyewe kwa sababu hiyo tu. Kwa anayetumia Windows, mashini ya kizazi cha 6 imezeeka. Kwa anayetumia Linux, bado ni kijana.

Kwa asiyeijua: Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 kule Helsinki, Finland. Leseni yake yakuruhusu kuitumia, kuinakili na kumpa mwenzako bila kulipa. Hapa pana jambo la dini pia. Wengi wetu twatumia Windows iliyovunjwa tuliyowekewa na fundi, nayo ni haki ya mtu iliyochukuliwa bila idhini, na mara nyingi huja na virusi ndani. Linux yatuondoa katika hilo. Zipo za aina nyingi. Kwa anayeanza napendekeza Linux Mint, na mashini ikiwa dhaifu uchukue ile ya Xfce ambayo ni nyepesi. Ubuntu, iliyotoka mwaka 2004, pia ni nzuri, na jina lake lina maana ile ile ya neno letu utu.

Soma namba, usisome jina

Muuzaji atakwambia, "Hii ni i7, chukua!" Usikubali upesi. Tazama namba inayofuata. Katika i5-6300U, ile 6 ndiyo kizazi. Katika i5-10210U, kizazi ni 10. Sasa linganisha: i7-7500U ina viini viwili vya kufanyia kazi, na i5-8250U ina vinne. Yule i5 wa kizazi cha 8 amshinda i7 wa kizazi cha 7 kwa kazi nyingi. Ukiweza kufika kizazi cha 8, fika. Ukishindwa, cha 6 chatosha kwa kuandika, kusoma na kujifunza programu.

Ramu: lenga GB 8. GB 4 yafanya kazi, lakini ukifungua kurasa nyingi za intaneti pamoja itakwama. Uliza kama yaweza kuongezwa. ThinkPad T480 ina nafasi mbili za ramu, lakini X1 Carbon ramu yake imechomelewa kwenye bodi na huwezi kuongeza maisha. Na kumbuka ramu ya DDR3 haiingii penye DDR4.

Diski: chukua SSD. Hili usibishane nami. Mashini ya zamani yenye SSD itawaka na kufungua programu upesi kuliko mpya yenye diski ya kuzunguka. Pesa zikibaki kidogo, weka kwenye SSD kabla ya kitu chengine chochote.

Flashi mfukoni

Hili ndilo ningependa mlishike hata mkisahau mengine. Nenda dukani na flashi ya GB 8 iliyowekwa Linux Mint. Kuitengeneza, shusha faili ya Mint kutoka tovuti yake rasmi, kisha uiandike kwenye flashi kwa programu kama balenaEtcher ama Rufus. Kuinakili tu kama nyimbo hakutoshi, na ukumbuke kuwa kila kilichokuwa ndani ya flashi kitafutika.

Dukani, iwe ni Luthuli Avenue Nairobi ama duka la mtaani kwenu, omba ruhusa kwa adabu, chomeka flashi, uwashe mashini huku ukibonyeza F12 kwa Dell na ThinkPad, ama F9 kwa HP, uchague flashi. Linux itafunguka bila kugusa diski ya mtu. Kisha:

1. Andika makala mafupi na ubonyeze kila herufi ya kibodi. Jaribu kamera, spika, kila tundu la USB na chaja.
2. Unganisha waifai na simu yako. Ikishika hapo, itashika na nyumbani.
3. Fungua terminali uandike "lscpu" uone prosesa ya kweli, na "free -h" uone ramu ya kweli. Stika ya nje yaweza kubandikwa na yeyote.
4. Andika "upower -d" utafute mistari miwili: energy-full-design, yaani betri ilipokuwa mpya, na energy-full, yaani leo. Ikiwa ya kwanza ni 50 na ya pili ni 25, betri imebaki nusu, na bei nayo ishuke.
5. Fungua programu iitwayo Disks utazame afya ya diski. Diski ikisema inakaribia kufa, iamini.
6. Ingia kwenye bayosi. Ikidai neno la siri ambalo muuzaji halijui, iache. Yaweza kuwa ya kampuni fulani bado, ama ya wizi, na bei rahisi haihalalishi mali ya watu. Siku zote dai risiti yenye namba ya mashini.

Muuzaji akikataa kabisa usijaribu, mshukuru uende duka la pili.

Sharti la siku tatu

Sisi tuliokaa madrasa tumesoma mlango wa khiyari katika fiqhi ya biashara, tukadhani ni mambo ya ngamia na watumwa tu. Kumbe ni mambo ya laptopu! Iko khiyari ya sharti: mwanunuziana kwa makubaliano kwamba ndani ya muda fulani waweza kuirudisha, na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi muda huo hauzidi siku tatu. Na iko khiyari ya aibu: kikionekana kilema kilichokuwepo kabla hujakipokea kitu, nawe hukukijua, una haki ya kukirudisha. Lakini ukirudishe pale pale unapokijua. Ukiendelea kukitumia huku wajua, umekiridhia.

Basi liombe sharti hilo, na liandikwe kwenye risiti. Siku hizo tatu itumie mashini kweli kweli: iache iwake saa nyingi, ona kama yapata joto ikajizima, ona betri inakaa muda gani. Na wewe ukija kuuza yako, taja kilema chake kabla hujaulizwa.

Matatizo ya kila siku

Sasa umeweka Linux. Siku ya kwanza furaha, siku ya nne kitu kimekataa. Wengi hapa ndipo wanapokata tamaa wakarudi kwa fundi. Ndugu zangu, Linux ina tabia moja nzuri: ikikataa, mara nyingi husema kwa nini. Usome ule ujumbe, hata kama ni mrefu. Nitataja matatizo matano.

La kwanza, neno la siri. Umeandika amri yenye "sudo", yaomba neno la siri, waandika na kwa baadhi ya mifumo hakuna kitu kinachoonekana, hata nyota. Kibodi haijaharibika. Yaficha kusudi. Andika ubonyeze Enter.

La pili, waifai haionekani. Andika "rfkill list". Ikisema "Soft blocked: yes", andika "rfkill unblock all". Ikisema "Hard blocked: yes", tafuta swichi ubavuni ama kitufe cha waifai kwenye kibodi. Kama si hilo, huenda yakosa draiva, hasa chipu za Broadcom. Zile za Intel huwa hazisumbui. Utapataje draiva bila intaneti? Chukua simu yako, iunganishe kwa waya wa USB, washa kugawa intaneti kwa USB kwenye mipangilio. Linux itaiona mara moja. Kisha fungua Driver Manager ya Mint, nayo itakutafutia.

La tatu, wataka kuweka programu, yasema "Could not get lock". Maana yake ni kwamba programu nyengine inasasisha mfumo wakati huo huo. Subiri dakika chache. Usifute ile faili ya kufuli kama wanavyoshauri wengine, waweza kuharibu zaidi. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, jambo ambalo kwetu si geni, andika "sudo dpkg --configure -a", kisha "sudo apt --fix-broken install".

La nne, diski imejaa. "df -h" yaonyesha palipojaa. "sudo apt clean" hufuta vifurushi vilivyoshushwa, na "sudo apt autoremove" huondoa visivyohitajika tena, pamoja na kerneli za zamani.

La tano, na hili lahusu mwezi huu: saa. Ukiwa na Windows na Linux kwenye mashini moja, utaona saa yatofautiana kwa saa tatu kamili. Windows huandika saa ya Kenya kwenye bodi, na Linux huisoma kama saa ya kimataifa, UTC, ikaongeza tatu zetu. Ni saa kumi na mbili na nusu jioni, nayo yakwambia saa tatu na nusu usiku! Tiba yake ni "timedatectl set-local-rtc 1". Lakini ikiwa saa yarudi miaka nyuma kila ukizima, basi ni ile betri ndogo ya bodi, CR2032 kwa mashini nyingi, imekwisha. Usidharau, maana tarehe ikiwa si sahihi hata tovuti nyingi zitakataa kufunguka.

Na kwa walimu wetu wa madrasa: Kiarabu chaandikika vizuri kabisa. Ongeza mpangilio wa kibodi ya Kiarabu kwenye mipangilio, weka fonti ya Amiri kwa "sudo apt install fonts-hosny-amiri", na katika LibreOffice nenda sehemu ya lugha kwenye Options uwashe Complex Text Layout, ili mistari iweze kuanzia kulia. Mitihani ya watoto yaweza kutolewa hivyo bila kununua programu yoyote.

Onyo moja la mwisho. Usinakili amri uliyopewa na mtu usiyemjua bila kuelewa yafanya nini, hasa yenye "sudo rm". Na kazi yako ya chuo iweke mahali pawili, kwenye mashini na kwenye flashi. Diski haitoi taarifa ya kifo chake kila mara.

Mwisho

Ndugu zangu, sikuja kuwaambia kwamba Linux haina taabu. Ina taabu zake, na ziko programu za vyuo, hasa za uhandisi na uchoraji, zinazotaka Windows tu. Uliza idara yenu kwanza. Lakini kwa wengi wetu kazi ni kuandika, kusoma, kutafuta na kujifunza, na kwa hayo mashini ya mtumba iliyochaguliwa kwa macho yatosha.

Ninaloomba ni hili: anayejua amsaidie asiyejua. Ile flashi ikikutoka mkono wako impitie jirani, na wa tatu, na wa nne. Hakuna anayekukataza, na hakuna haki ya mtu unayovunja. Na mwenye mashini iliyolala kabatini, ailete. Huenda yataka SSD na Mint tu ikamfaa mtoto wa madrasa.

Adhana yakaribia, nami sitaki kuwacheleweshea tende zenu. Allah atutakabalie swaumu zetu na atupe elimu yenye manufaa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.