Usingizi Ukishika Usukani

Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na kwa dereva wa lori lenye mzigo wa Lubumbashi, hapo hajafika hata nusu ya njia. Bado kuna Zambia nzima, kisha mpaka wa Kasumbalesa, ambako foleni huweza kumshikilia kwa siku kadhaa.

Siku hizo halali, anajilaza tu. Kitanda ni kabini, na sikio liko nje kwa wezi wa mafuta na wakata maturubai. Foleni ikisogea usiku wa manane, sharti awashe injini. Akivuka tu, bosi yuko kwenye simu: mzigo utafika lini? Hapo ndipo hatari inapoanzia, na si kosa la dereva peke yake.

Tafiti zinaonyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huzubaa kama aliyekunywa pombe. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kusinzia sekunde 4 ni kwenda karibu mita 90 bila dereva. Hebu fikiria hilo kwenye kona za Mlima Kitonga, Iringa!

Kufungua dirisha au kuongeza muziki hakuondoi usingizi. Mirungi, mbali na kuwa marufuku Tanzania, huahirisha uchovu tu. Dawa ni kuegesha mahali salama na kulala; hata dakika 20 husaidia, ingawa hazifidii usiku mzima.

Wenye malori, pangeni ratiba zenye saa za kulala, na safari ndefu wekeni madereva wawili.