Satelite ni ya kazi gani?



Kila mara India inarusha roketi, wengi wetu wanasema: nchi yenye masikini wengi vile, mwezi ni wa nini? Sisi wenye diploma bila kazi tunaelewa hasira hiyo. Wahindi wenyewe wanabishana juu yake toka zamani.

Lakini tuangalie hesabu. Chandrayaan-3, ile ilitua mwezini tarehe 23 Agosti 2023, iligharimu karibu dola milioni 75. Kuna filamu za Hollywood zinapita bei hiyo! Na kabla ya mwezi, walirusha satelite za hali ya hewa. Mwaka 1999 kimbunga kiliua watu karibu 10,000 katika jimbo la Odisha. Mwaka 2013 kimbunga Phailin kilipiga pwani ileile. Kilionekana mapema, watu karibu milioni moja wakahamishwa, waliokufa hawakufika mia. Satelite peke yake haingetosha: kulikuwa na majengo ya kukimbilia, na mtu wa kugonga milango.

Na sisi wa Goma? Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipasuka jioni, bila onyo. Satelite za Ulaya zilikuwa zinapita juu yetu. Wataalamu wetu wa volkano, miezi mbele ya hapo, walikosa hata pesa ya intaneti.

Kila mara wakubwa wakitangaza satelite ya Kongo, tusipige makofi wala kelele mbele ya kuuliza. Bei gani? Mkataba uko wapi, tuusome? Nani atasoma zile picha, na atalipwa kila mwezi? Kama majibu hakuna, pesa iende kwanza kwa wale wanapima volkano.