George Foreman: Bondia Aliyeitwa Madhabahuni



Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho waraka wake wa kwanza, hakuona haya kuutaja mchezo wa ngumi katika sura ya 9. Hata hivyo, katika sharika nyingi ngumi huhesabiwa kuwa kazi ya wahuni, na mzazi Mkristo akisikia kijana wake ameanza mazoezi ya ndondi hukosa usingizi. Kwa sababu hiyo inafaa kuyakumbuka maisha ya George Foreman, mtu aliyeupa ulingo kisogo kwa ajili ya Injili, kisha akaurudia kwa ajili ya Injili ileile. Hilo la pili ndilo gumu kueleweka.

Alizaliwa tarehe 10 Januari 1949 katika mji wa Marshall, jimbo la Texas, nchini Marekani, akakulia Houston katika mtaa maskini wa Fifth Ward. Shule aliiacha mapema. Yeye mwenyewe hakuficha baadaye kwamba katika ujana wake aliwapora watu barabarani. Mwaka 1965 alijiunga na Job Corps, mpango wa serikali wa kuwafunza kazi vijana wasio na ajira, na huko ndiko alikofundishwa ngumi. Mwaka 1968 alitwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Mexico City. Tarehe 22 Januari 1973, huko Kingston, Jamaika, alimwangusha Joe Frazier, bingwa wa dunia wa uzito wa juu, mara sita katika raundi mbili.

Wazee waliokuwa vijana mwaka 1974 wanalikumbuka jina lake kwa sababu ya Kinshasa. Alifika Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, akiwa bingwa asiyewahi kushindwa, mkimya, mwenye uso wa kutisha, akifuatana na mbwa wake mkubwa wa Kijerumani. Hakutambua kwamba mbwa wa namna ile waliwakumbusha wenyeji askari wa wakoloni wa Kibelgiji. Muhammad Ali alizunguka akizungumza na watu, Foreman alijitenga. Kabla ya mapambazuko ya tarehe 30 Oktoba, uwanja mzima ulipaza sauti kwa Kilingala ukimtaka Ali amwue mpinzani wake. Foreman alipiga, akapiga, naye Ali akaegemea kamba na kumwacha ajichoshe. Katika raundi ya 8 bingwa alianguka. Kila mmoja wao alikuwa ameahidiwa dola milioni 5 kwa usiku ule, lakini fedha hazikumwondolea Foreman aibu. Alikiri baadaye kwamba tangu hapo aliishi kwa chuki na kutamani kisasi.

Miaka mitatu haikutimia. Tarehe 17 Machi 1977 alipigana na Jimmy Young mjini San Juan, Puerto Rico, katika joto kali, akashindwa kwa pointi baada ya raundi 12. Ndani ya chumba cha kubadilishia nguo alijiona anakufa. Alisimulia kwamba alitumbukia mahali penye giza na utupu, pasipo na tumaini lolote. Kwamba aliona damu katika mikono yake na kichwani pake, akapaza sauti kwamba Yesu Kristo anakuwa hai ndani yake. Wengine walisema ni joto na uchovu tu. Walutheri, waliozoea kuyapima maono kwa Neno, hawalazimiki kuamua jambo hilo. Lisilobishaniwa ni lililofuata: mtu yule aliacha ngumi akiwa na umri wa miaka 28, wakati milango ya utajiri ilikuwa wazi bado, na kwa miaka 10 hakupigana tena.

Alihubiri katika pembe za mitaa ya Houston. Akabarikiwa kuwa mhubiri mwaka 1978, na mwaka 1980 akaanzisha kanisa dogo ambalo halikuwa chini ya dhehebu lolote. Mwaka 1984 alifungua kituo cha vijana katika jiji hilohilo, na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa maana kituo kilihitaji fedha naye akiba yake ilikuwa ikipungua. Angeweza kuendelea kuzunguka makanisani akiomba sadaka. Jambo hilo lilimwaibisha. Mwezi Machi 1987, akiwa na miaka 38 na mwili mnene uliowachekesha waandishi wa habari, alirudi ulingoni.

Je, mchungaji aweza kuuza ngumi zake ili kondoo wapate malisho? Mtu anaweza kujibu kwamba hata Paulo alishona mahema. Lakini hema halimtoi mtu damu. Foreman alieleza kwamba safari hii alipigana bila chuki, na waliomwona walishuhudia mtu mwingine kabisa, mcheshi, mwenye maneno ya upole. Swali lenyewe lilibaki pale pale, naye aliishi nalo.

Tarehe 5 Novemba 1994, mjini Las Vegas, alipambana na bingwa Michael Moorer, kijana wa miaka 26. Foreman alikuwa na miaka 45. Alivaa bukta nyekundu ileile ya Kinshasa, na katika kona yake alikaa Angelo Dundee, yuleyule aliyemhudumia Ali mwaka 1974. Kwa raundi 9 alipigwa. Katika raundi ya 10 mkono wake wa kulia ulimwangusha Moorer, ambaye hakuinuka hadi hesabu ikaisha. Bingwa mpya hakurukaruka. Aligeukia kona, akapiga magoti, akaomba.

Mwaka 1997, filamu ya pambano la Kinshasa ilipopewa tuzo ya Oscar, Ali alikuwa tayari amedhoofishwa na ugonjwa wa kutetemeka. Aliyemshika na kumsaidia kupanda jukwaani mbele ya watu wote alikuwa Foreman.

Aliagana na ngumi mwaka huohuo, akiwa ameshinda mapambano 76 na kushindwa 5. Mimbari ya Houston hakuiacha. Alifariki dunia tarehe 21 Machi 2025, akiwa na umri wa miaka 76.